Kadi Ameketi, Mgonjwa Imesimama

Mwenye haraka na apite, hadithi hii haina utamu wa kumfungia safari. Mwenye hasira na asogee karibu, hapa ndipo pake.

Iko nchi inaitwa Mapokezi. Usiitafute kwenye ramani ya shule, wala usiniulize njia, kwa maana kila aliyewahi kuuguza anaijua. Fulani anakutuma kwa fulani, fulani naye anakutuma kwa fulani, na siku moja unainua macho unajikuta umefika. Hivyo ndivyo alivyofika Nyamizi, mshona magodoro, mwanamke mwenye viganja vigumu kwa kazi ya sindano na ulimi usiojua kukaa ndani. Nyuma yake alikuwapo mdogo wake, Nkwabi, mtu mzima mwenye ndevu, anayeongozwa kwa mkono.

Nkwabi alikuwa mpishi wa shule, mtu wa kucheka na kupigia masufuria ngoma kwa mwiko, mpaka sauti zilipomwanza. Sauti ya baba yao, waliyemzika wenyewe kwa mikono yao, ilimwita kutoka chini ya maji. Siku moja walimtoa bwawani maji yamemfika kidevuni, bado anaitika: "Naam, baba, nakuja." Kilichomrudisha ni vidonge. Akivimeza, baba hunyamaza, na Nkwabi hula, hulala, hata hutania. Lakini vidonge hivyo haviuzwi bila saini ya nesi wa akili. Nesi wake alistaafu, na wa kushika nafasi yake hakuletwa. Kichupa kilikuwa kimebakiza vya kuhesabika. Nyamizi alijua wazi kwamba kikiisha, mdogo wake atarudi majini, na safari hiyo huenda asiwepo mtu wa kumvuta.

Basi wakaambiwa waende Mapokezi. Huko, waliambiwa, wauguzi wa akili wamejaa tele, na kila mmoja wao anapokea Kadi ya Umma, yaani ile kadi ambayo serikali humpa asiye na mali ili naye atibiwe kama watu. Nkwabi alikuwa nayo, imefungwa kwenye leso. Nyamizi akafunga cherehani, akamshika mdogo wake mkono.

Langoni mwa nchi ile pameandikwa kwa herufi za dhahabu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Nyamizi aliyasoma maneno hayo, akajiuliza mgeni naye atapona lini. Kabla hajamaliza kujiuliza akatokea bwana mmoja mwenye suti nyeupe na tabasamu lisiloshuka, akajitambulisha kuwa ni Bwana Takrima, Afisa Mkuu wa Makaribisho.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Kadi amefika salama?"

Nyamizi akageuka huku na huku. "Kadi ndiye nani?"

"Kadi wenu. Hamkuja naye?"

Nyamizi akafungua leso. Bwana Takrima aliipokea ile kadi kwa mikono miwili, akakunja goti, akaiamkia: "Shikamoo, kadi." Wakaja akina mama wawili na beseni. Wakaifuta vumbi kwa pamba, wakainyunyizia marashi, wakaiweka juu ya kigoda cha mahameli, mmoja akawa anaipepea. Jua lilikuwa kali. Nkwabi, aliyekuwa hajala tangu asubuhi, alikuwa anayumba.

"Kadi ameketi," Bwana Takrima alitangaza, na walinzi wote wakapiga makofi. "Na mgonjwa?"

"Amesimama hapo juani," alisema Nyamizi.

"Imesimama," Bwana Takrima alimsahihisha kwa upole.

"Nini?"

"Mgonjwa imesimama. Kadi ameketi, mgonjwa imesimama. Pole, dada yangu, wageni wengi huanza hivyo. Mtazoea."

Nikuambie jambo hili mapema ili usije ukadhani nimekosea Kiswahili. Katika nchi ya Mapokezi kadi huhesabiwa pamoja na watu, na mgonjwa pamoja na vitu. Kadi amechoka, kadi wamewasili. Mgonjwa imeletwa, mgonjwa zimejaa barazani. Watoto hufundishwa hivyo shuleni na anayekosea hupigwa. Nyamizi alipouliza sababu, Bwana Takrima alimjibu bila hata kukunja uso. Alisema mtu ni yule mwenye haki. Kadi ana haki ya kupokelewa, iko katika sheria, ibara ya kwanza kabisa. Mgonjwa ina haki gani iliyotajwa popote?

"Haki ya kupona," alisema Nyamizi.

"Hiyo ni dua," alisema Bwana Takrima. "Tunaiheshimu sana."

Kila asubuhi nchi ile huamshwa na Mnadi. Hupanda mnara mrefu uliojengwa kwa marumaru, mrefu kuliko hospitali yoyote niliyowahi kuiona, akaita kwa sauti majina ya wauguzi wa akili wanaopokea kadi. Chini watu husimama, mkono kifuani, na kila jina likitajwa huitikia: "Anapokea!" Majina ni mengi hata jua hupanda kabla hayajaisha. Wapo wanaolia kwa fahari. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mimi sijawahi kusikia debe lililojengewa mnara.

Nyamizi hakulia. Aliyashika majina matatu ya mwanzo kichwani, akamburuta Nkwabi.

Wa kwanza alikuwa Muuguzi Feruzi. Walielekezwa mtaa, wakaelekezwa kichochoro, wakafika kwenye kaburi. Kando ya kaburi alikaa karani chini ya mwavuli. Akaipokea kadi kwa mikono miwili, akailaza juu ya kaburi kwa muda wa adabu, akairudisha.

"Kadi amepokelewa," alisema.

"Lakini Muuguzi Feruzi amekufa!"

"Ni kweli, Mungu amrehemu."

"Sasa mnamwitaje kila asubuhi kuwa anapokea?"

Karani akamtazama kwa masikitiko, kama unavyomtazama mtu mzima asiyejua kufunga kamba za viatu. "Mama, tangu afariki hajamkataa kadi hata mmoja. Katika wauguzi wetu wote yeye ndiye mwenye rekodi safi."

Wa pili alikuwa Muuguzi Machano, naye alikuwa hai, anafuga kuku. Walimkuta amebeba ndoo ya pumba. Aliwaambia, na aibu ilimwonekana, kwamba uuguzi aliuacha zamani kwa sababu ya uchovu. Amekwenda mnarani mara nyingi kuomba jina lake liondolewe. Walimjibu kwamba jina likitoka nchi itapungukiwa. Akainua kadi yao kwa vidole viwili vyenye pumba, akasema, "Nimempokea, basi, nisamehe," akawapa mayai.

Wa tatu alikuwa kazini kweli, ofisi nzuri, mazulia. Lakini mlangoni alikaa msaidizi wake, binti mwenye sauti ya asali.

"Muuguzi anapokea mgonjwa za zamani tu," alisema. "Mpya hapokei."

"Mgonjwa wa zamani ni yupi?" aliuliza Nyamizi.

"Ni ile iliyowahi kuwa mpya."

"Na mpya hampokei."

"Hatupokei."

"Sasa hao wa zamani waliingilia wapi, dirishani?"

Binti alifikiri kidogo. "Swali zuri sana, mama. Limepokelewa."

Nyamizi alitoka pale damu imempanda kichwani. Mtu akikukataa waziwazi unajua la kufanya: unamtukana, unakwenda kwa mwingine. Lakini watu hawa hawakuwa wamemkataa. Wamempokea siku nzima, mpaka mashavu yanawauma kwa kutabasamu, na kichupa mkobani mwake hakikuongezeka hata kidonge kimoja. Bwana Takrima, aliyekuwa akiwafuata nyuma, alimwambia subira yavuta heri. Nyamizi akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba la kwake limeshaumia.

Waliofika Mapokezi hulazwa katika Nyumba ya Wageni. Vyumbani mna vitanda vya chandarua na mashuka yaliyopigwa pasi, na juu ya kila kitanda imelala kadi. Wagonjwa hulala barazani, juu ya sakafu. Nyamizi alibonyeza godoro moja kwa ufundi wake, akaona ni sufi safi ya daraja la kwanza, halijawahi kulaliwa na mbavu za binadamu, akatema mate chini.

Barazani walimkuta Shaweji, kinyozi, mzaliwa wa nchi ile. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye mkoba wa nyembe na sabuni. Tangu mkewe afariki dunia uzito ulikuwa umemkalia kifuani hataki kula wala kuona mtu, akaja kutafuta nesi wa akili, na alikuwa amekaa pale hata sakafu imechukua umbo lake. Alipomwona Nkwabi ndevu zimemtapakaa, akamketisha, akamnyoa taratibu, bila kumuuliza chochote, akamfuta povu masikioni. Nkwabi alifumba macho. Ulikuwa mkono wa kwanza wa mwenyeji kumgusa tangu waingie nchi ile.

"Wewe umekaa hapa siku nyingi?" Nyamizi alimuuliza.

"Mimi imekaa sana, dada," alisema Shaweji. "Imechoka kidogo. Lakini kadi wangu yu mzima, amelala kitanda cha dirishani, kuna upepo."

Nyamizi alimkazia macho. "Usiseme hivyo mbele yangu. Wewe umechoka. Wewe, Shaweji."

Shaweji akatabasamu, akafuta wembe wake. "Tumelelewa hivyo. Heshima ya kadi ni heshima yetu. Zamani, wazee wanasema, hata kadi hazikupokelewa." Aliona aibu kwa kusema 'hazikupokelewa', akajirekebisha. "Hawakupokelewa." Kisha akainama akamnong'oneza kwamba yupo nesi mmoja wa kweli, hai, mwenye kujua kazi, anaitwa Kidawa. Yeye mwenyewe Shaweji kadi wake ameshapokelewa huko tena na tena.

"Na wewe?"

"Mimi ilibaki mlangoni," alisema Shaweji.

Asubuhi wakaenda. Nyumba ya Muuguzi Kidawa ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa kadi, na foleni yake ilizunguka ukuta ikapotea. Wa pembeni ulikuwa wa wenye fedha zao, na hapo watu waliingia wakikunja miavuli, wakatoka na karatasi za dawa, wengine wamefuta machozi, wengine wanacheka kama waliotuliwa mzigo. Nyamizi aliwatazama kwa wivu mpaka akawahesabia meno. Alisimama na Nkwabi mpaka zamu ya kadi yao ikafika, wakaingia.

Kidawa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso wa mtu anayesikiliza. Nyamizi alipomwona moyo wake ulipoa, akasema kimoyomoyo, huyu ndiye. Kidawa akaipokea kadi, akailaza kitandani, akaiwekea kiganja juu, akainama akaitazama kwa makini.

"Kadi amepauka kidogo pembeni," alisema. "Apate kivuli, asikunjwe. Arudi mwezi ujao."

"Nesi," alisema Nyamizi, "mgonjwa huyu hapa. Anaitwa Nkwabi. Anaitwa na marehemu baba yetu aingie majini. Vidonge vimekwisha, cha mwisho amemeza jana. Mtazame tu, utaona mwenyewe."

Kidawa hakuinua macho. Shingo yake ilikakamaa kama ya mtu aliyekatazwa kugeuka. Akasema kwa sauti ya chini sana: "Mama, nisikilize. Hazina hunilipa kwa kadi aliyepokelewa. Haijasema popote kwamba italipia mgonjwa iliyotazamwa. Nikiitazama bila malipo nimeiba muda wa serikali, nitafungiwa. Na nikifungiwa, hata kadi watakosa wa kuwapokea."

"Wale wa mlango wa pembeni unawatazama?"

"Wale wanalipa wenyewe."

"Macho ni haya haya?"

Mkono wa Kidawa ulibaki juu ya kadi. Bwana Takrima, aliyekuwa amesimama kizingitini, akakohoa kwa adabu na kutangaza: "Kadi amepokelewa!" Foleni yote nje ikapiga makofi. Walipotoka walipishana na Shaweji akiingiza kadi yake. Mwenyewe alibaki mlangoni, mikono nyuma.

Usiku ule Nkwabi hakulala, na Nyamizi hakulala, amejifunga mkono wake na wa mdogo wake kwa ile leso. Karibu na alfajiri usingizi ulimwiba. Alipogutuka, leso ilikuwa imelegea, pembeni yake patupu, hakuna mtu, na uani watu walikuwa wanapiga kelele: "Kisimani! Kisimani!"

Sitaeleza alivyokimbia. Aliyewahi kukimbia hivyo anajua, na asiyewahi Mungu amwepushe. Alipasua watu, akafika kisimani, akamkuta Nkwabi amesimama ukingoni, amelowa mikono mpaka mabegani, ameshika kamba pamoja na wanaume wengine. Walikuwa wanavuta. Aliyetoka alikuwa Shaweji.

Wakamlaza juu ya saruji. Hakuwa na uhai. Nkwabi akampangusa maji usoni na masikioni kwa ncha ya shati lake. Ndani, kwenye kitanda cha dirishani, kadi yake ilikuwa imelala chini ya chandarua, kavu, inapata upepo.

Baraza la Mapokezi liliitishwa asubuhi ile ile. Usidhani ni kwa sababu ya msiba. Liliitishwa kwa kuwa palizuka swali la kisheria: je, kadi aliyefiwa na mgonjwa yake huhesabiwa mjane au yatima? Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wauguzi wote wa akili waliobaki hai, wamevaa kofia nyeupe, Kidawa katikati yao, maana katika sherehe za nchi ile huwekwa mbele kama maua. Nyamizi na Nkwabi waliletwa wawe mashahidi wa kuopoa.

Wajumbe walizungumza kwa ufasaha ambao ningeusifu kama ungekuwa umetumiwa kwa jambo jingine. Mmoja alitoa rambirambi kwa kadi. Mwingine alisema kadi ni mjane, na akae eda. Wa tatu, mzee mwenye miwani ya dhahabu, alisimama akasema kuna jambo kubwa zaidi. Maadui wa nchi watasema kwamba marehemu hakupokelewa. Je, ni kweli?

"Waheshimiwa," alisema, "tunasemaje mtu akifariki? Tunasema Mola amempokea. Basi mgonjwa ile imepokelewa, tena na Mpokeaji Mkuu. Naomba baraza hili tukufu liihesabu Shaweji katika mafanikio ya mwaka huu."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Bwana Takrima alitoa kitambaa akajifuta machozi, na nadhani, hili ndilo baya zaidi, yalikuwa machozi ya kweli.

Hapo Nyamizi alisimama. Hakuomba ruhusa.

"Nyamazeni!" alisema. "Nyamazeni nyote, mnaopiga makofi juu ya maiti! Mtu yule hakuwa 'ile'. Alikuwa kinyozi. Alikuwa na mkono mwepesi, amemnyoa ndugu yangu bila kumkwaruza. Amekaa barazani kwenu mpaka akasahau kujiita mtu, na nyinyi mmekaa hapa mnauliza kadi yake ivae nguo gani ya msiba! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kimewaumbua leo, kiko uani kimefunikwa shuka, na bado mnatafuta neno tamu la kukifunika tena! Mnapokea, mnapokea, mnapokea nini? Fisi naye hupokea! Shimo nalo hupokea! Sikuvuka nchi yangu ili plastiki ipepewe. Nimemleta mtu. Atazamwe!"

Spika wa baraza aligonga meza kwa rungu lake dogo, akauliza bila hasira, kama mtu anayetafuta miwani yake:

"Mama, mgonjwa hiyo uliyo nayo, ni yako?"

"Si yangu kama kikapu! Ni ndugu yangu, tumbo moja!"

"Na inaumwa nini?"

Bwana Takrima alikwishainuka kwenda kuichukua kadi ijibu. Lakini Nkwabi, ambaye tangu waingie nchi ile hakuwa amesema neno kwa mwenyeji yeyote, alifungua kinywa. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo, kama bawaba la mlango uliofungwa masika nzima.

"Mgonjwa ni mimi," alisema. "Naumwa. Baba ananiita, na mimi sitaki kwenda."

Nyamizi alijifunika uso kwa kanga. Siku zote alikuwa akidhani mdogo wake anataka kwenda, na kwamba yeye ndiye anayemzuia. Hakujua kwamba walikuwa wanavuta upande mmoja.

Spika akatazama kulia, akatazama kushoto, akapata neno lake.

"Kauli imepokelewa," alisema. Ukumbi ukapiga makofi.

Katikati ya makofi hayo Kidawa aliinuka katika safu ya maua. Alivua kofia yake, akaiweka kitini, akashuka ngazi. Wajumbe, walipoona anakoelekea, walianza kufunika macho yao kwa viganja, kwa kuwa sheria inakataza pia kushuhudia mgonjwa ikitazamwa bure. Spika akamwita kwa jina mara mbili. Hakugeuka. Alikaa sakafuni mbele ya Nkwabi, magoti kwa magoti, akamtazama usoni.

"Nkwabi," alisema, "unalala?"

"Silali."

"Sauti ya baba inakuja saa zote, au ukiwa peke yako?"

"Nikiwa peke yangu. Na nikisikia maji."

"Vidonge vilikuwa vya rangi gani?"

Aliuliza maswali ya kawaida kabisa, yale ambayo nesi yeyote wa akili huuliza, na akasikiliza majibu. Wajumbe walikaa viganja machoni wakisubiri jambo hilo la aibu lipite. Halikuchukua muda wa kuchemsha chai. Kidawa akaandika dawa, akatia saini, akamkabidhi Nkwabi mwenyewe karatasi mkononi. Akamwambia namna ya kumeza vidonge, na kwamba arudi kwake, yeye, kwa miguu yake, wiki ijayo. Spika, macho yakiwa bado yamefunikwa, akatangaza kwamba Muuguzi Kidawa amefungiwa kazi kuanzia saa ile.

Kidawa aliinuka akajipangusa vumbi. Akamgeukia Nyamizi. Bila shaka alitazamia neno la shukrani. Mwingine angemkumbatia. Nyamizi alikuwa na karatasi ya dawa mbele ya macho yake, kitu alichokitafuta kuliko uhai wake mwenyewe, na hasira yake haikuwa imeshuka hata kidogo. Sasa alikuwa ameona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo.

"Haya ungeweza kuyafanya jana," alisema.

"Ningeweza," alisema Kidawa.

"Shaweji alikuwa mlangoni pako."

"Nilimwona viatu," alisema Kidawa. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. "Nilijua viatu vyake. Kila alipokuja."

Nyamizi hakumpangusa, wala hakumwambia pole. Alimshika Nkwabi mkono, au pengine Nkwabi ndiye aliyemshika, wakaenda mpaka mlango mkubwa wa ukumbi, Nyamizi akausukuma kwa bega, Kidawa yuko nyuma yao. Nje, kwenye nyumba ya Kidawa iliyoelekeana na ukumbi, foleni ya asubuhi ilikuwa imekwishajipanga kama kila siku, imezunguka ukuta, kila mtu na kadi yake mikononi, imefunikwa isiguswe na jua. Habari za kufungiwa zilikuwa hazijawafikia.

"Umefungiwa kazi ya kupokea," Nyamizi alimwambia Kidawa. "Ile nyingine hujaianza. Wako hapa."

Kidawa alisimama kizingitini akiwatazama, na kwa muda alionekana kama mtu anayetaka kurudi ndani akachukue kofia yake. Kisha akashuka. Wa kwanza katika foleni alikuwa mama mmoja mnene mwenye kilemba cha kijani, macho yamemwiva kwa kukesha. Alipoona nesi amemjia mwenyewe, alikunja goti na kumnyooshea kadi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Kidawa aliichukua, akaitia mfukoni bila kuitazama.

"Na wewe, mama," alimuuliza, "unajisikiaje?"

Yule mama akageuka nyuma kutazama ni nani anayeulizwa.